Mgogoro wa Kenya wa 2007–2008: Makina na Upatanishi wa Afrika

Mgogoro wa Kenya wa 2007–2008 ni machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007, hadi yalipotulizwa na upatanishi ulioongozwa na Umoja wa Afrika (AU). Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kibera, jijini Nairobi, iliumia sana, na yaliyotendeka kando ya Makina yalihisiwa hadi Kampala na Kigali.

Mahali

Makina ni sehemu kongwe ya Kibera na makao ya Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan walioitumikia serikali ya kikoloni ya Uingereza. Leo ni wadi ya eneo bunge la Kibra, yenye wakazi wa makabila mengi. Mwaka 2007 Kibera ilikuwa ndani ya Lang'ata, jimbo la Raila Odinga wa chama cha ODM, mshindani mkuu wa Rais Mwai Kibaki wa chama cha PNU. Jirani na Makina liko soko la Toi, maarufu kwa mitumba, na reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita katikati ya Kibera.

Kutoka mtaani hadi ng'ambo ya mpaka

Tarehe 30 Desemba tume ya uchaguzi ilimtangaza Kibaki mshindi, naye akaapishwa jioni hiyohiyo. ODM ilikataa matokeo. Katika Kibera nyumba na vibanda vilichomwa, soko la Toi likateketea, na watu waliokuwa wakiuziana na kukopeshana kwa miaka mingi wakatengana kwa kabila.

Januari 2008 vijana waling'oa reli hapo Kibera, na treni za mizigo ya Uganda zikakwama. Wakati huohuo vizuizi vya Bonde la Ufa vilizuia malori. Nchi zisizo na bahari ziliumia upesi, kwa kuwa mafuta yao yalishushwa Mombasa, yakasukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha yakapakiwa malorini. Mafuta yalikuwa adimu Uganda na Rwanda, na bei zikapanda. Maelfu ya Wakenya nao walivuka mpaka wakawa wakimbizi nchini Uganda.

Upatanishi

Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alifika mapema Januari, akafuatwa na John Kufuor, Rais wa Ghana na mwenyekiti wa AU. Kufuor hakupata mapatano, lakini pande zote zilikubali jopo la Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Graça Machel wa Msumbiji na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Annan aliwasili tarehe 22 Januari.

Mazungumzo yalikuwa na ajenda nne: kukomesha vurugu, kuwasaidia waathiriwa na kuwapatanisha, kumaliza mzozo wa kisiasa, na kushughulikia matatizo ya muda mrefu kama ardhi, umaskini na katiba. Martha Karua alikuwa miongoni mwa wajumbe wa serikali, na Musalia Mudavadi miongoni mwa wa ODM. Umoja wa Mataifa, Marekani na Umoja wa Ulaya walitia shinikizo wakiunga mkono jopo hilo. Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa amepokea uenyekiti wa AU, alikutana na Kibaki na Raila, na tarehe 28 Februari wawili hao wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka.

Matokeo

Raila aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 17 Aprili 2008. Tume ya Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi, na ya Jaji Philip Waki ikachunguza ghasia. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwafungulia Wakenya sita mashtaka, lakini kufikia 2016 kesi zao zote zilikuwa zimekwisha bila yeyote kati yao kutiwa hatiani.

Tathmini

Upatanishi huu ulifaulu kwa sababu mataifa yalisimama nyuma ya meza moja badala ya kila moja kuleta mpatanishi wake, na kwa sababu majirani walijua kwamba amani ya Kenya ni riziki yao. Uliokoa maisha ya wengi. Haki kwa waliouawa, waliobakwa na waliochomewa mali haukuifikisha, na deni hilo bado liko juu ya Kenya na washirika wake.