Somo Lisiloandikwa Ubaoni



Kitabu cha picha humfundisha mtoto mara mbili: kwanza kwa maneno yake, kisha kwa yale ambayo picha huyaonyesha bila kuyaeleza. Fundisho la pili hukaa zaidi moyoni, kwa kuwa mtoto hajui kwamba anafundishwa.

Tuutazame mfano unaoihusu nchi yetu. Kati ya 1930 na 1931, gazeti la Kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle, lililoongozwa na Padri Norbert Wallez, lilitoa katika nyongeza yake ya watoto hadithi ya safari ya Tintin nchini Kongo. Mchoraji wake, Hergé, alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Katika darasa la misioni, Tintin anawaambia wanafunzi Wakongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji.

Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi. Somo lile liliondolewa, na mahali pake pakawekwa hesabu: mbili kujumlisha mbili. Ungedhani kosa limesahihishwa. Lakini Tintin anauliza, wala hakuna mwanafunzi anayejibu. Maneno yalibadilika, fundisho lililofichika likabaki palepale, kwamba Mkongo hajui lolote mpaka mgeni amfundishe.

Historia ya ziwa letu inashuhudia vingine. Stefano Kaoze, mzaliwa wa nchi ya Marungu, upande wa kusini wa Tanganyika, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu, na tangu 1910 maandishi yake yakachapishwa katika La Revue Congolaise. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, katika eneo la Moba ya leo, alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa wana wa Kongo ya Wabelgiji. Basi kitabu kilipowachora watoto walioshindwa kujumlisha mbili na mbili, Kaoze alikuwa padri kwa miaka 29.

Tusiwalaumu wachoraji wa kale peke yao. Hapa Bijombo nasi huwasimulia wadogo zetu hadithi jioni. Ndani yake, mjinga ni wa kabila gani kila mara? Mwizi je? Tukikutana tena, kila mmoja alete hadithi moja aliyosikia utotoni, tuichunguze pamoja kabla ya kuwarithisha wengine.