Kwa nini batri ya mama inakwisha mbio

Mama mmoja jirani yetu hapa Kabuta aliniletea simu yake mwezi wa kumi. Akaniambia: "Mwanangu, hii simu iko na njaa sana. Ninaichaji asubuhi, saa nane mchana imeshazima." Ni simu ya zamani ya kubonyeza, ya laini mbili, kioo kimepasuka kwenye kona. Kuchaji ni kwacha 3 kwa kijana mwenye paneli ya sola pale sokoni. Mama alikuwa anachaji mara mbili kwa siku. Piga hesabu ya juma moja: kwacha 42. Kwa mtu anayeanika chisense za wengine apate kulipwa, hiyo si pesa ndogo.

Mimi si fundi, kazi yangu ni na vijana. Lakini vijana wengi wanakuja kwangu juu ya simu, basi nimejifunza kidogo kidogo. Siku ile niliona kwamba kumweleza mama vizuri, lazima nianze mbali.

Wazee wetu waliovuka wakati Pweto ilipoanguka, Desemba 2000, hawakuja na simu. Walipelekwa kambi ya Mwange na kambi ya Kala. Kama ulitaka kujua ndugu yako yuko hai, uliandika karatasi ya Msalaba Mwekundu: habari za familia tu, karatasi wazi, kila mtu anaweza kuisoma njiani. Jibu lilikawia, ulingoje, na mara nyingine halikuja. Lakini karatasi haikuwa na batri. Uliiweka chini ya mkeka, na mwaka kesho bado inasema maneno yaleyale.

Sisi wa 2017 tulikuja namna nyingine. Tulipofika Kenani, na baadaye Mantapala ilipofunguliwa mwaka 2018, watu wengi walikuwa wamepoteza sufuria, nguo na vyeti vya shule, lakini simu iko mfukoni, imefungwa kwenye plastiki isiingie maji. Namba za watu wote zilikuwa mle ndani. Simu ikizima, ukoo wote unazima pamoja nayo.

Sasa batri yenyewe. Mama alikuwa na desturi ya kuiacha ife kabisa ndipo achaji. Alifundishwa hivyo na kaka yake, na kaka yake hakusema uongo, alisema jambo la zamani. Batri za nikeli na kadimi, ambazo Waldemar Jungner wa Sweden alizitengeneza mwaka 1899, zilipendekezwa kutumiwa hadi ziishe, kwa sababu zilikuwa na tabia ya "kuzoea" chaji ya nusunusu. Simu nyingi za kwanza zilitumia batri za nikeli. Shauri likabaki, batri ikabadilika.

Batri ya simu ya mama ni ya lithiamu. John Goodenough na wenzake kule Oxford walionyesha mwaka 1980 kwamba lithiamu ikiunganishwa na oksidi ya kobalti inashika umeme mwingi. Akira Yoshino wa Japani akaiendeleza, na kampuni ya Sony ikaanza kuuza batri hizo mwaka 1991. Mwaka 2019 Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Batri ya namna hii haipendi kufa kabisa, na adui yake mkubwa ni joto. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 mpaka 500, nguvu yake inapungua tu, hata ukiitunza.

Na ile kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa ni upande wa Kolwezi, katika Katanga ya zamani. Nilipomweleza mama, aliishika batri mkononi, akaigeuza mara mbili. Akasema: "Basi hili jiwe pia lilitoka kwetu." Akairudisha.

Tukaanza kazi. Kwanza nililaza batri juu ya meza na kuizungusha. Batri iliyovimba inazunguka kama pia, na hiyo usiichaji tena wala usiitoboe, inaweza kuwaka moto. Ya mama haikuzunguka. Pili, niliazima batri nzima ya simu ya aina ileile nikaiweka kwake. Ikakwisha mbio vilevile! Hapo nikajua batri haina kosa kubwa, kuna kitu ndani kinakula. Tatu, nilizima Bluetooth iliyokuwa imewashwa bila mtu kujua, nikapunguza mwanga wa kioo. Ikaongeza saa moja tu.

Mwisho nikatazama laini. Ya kwanza ni ya Zambia, rezo iko. Ya pili ni ya Kongo, na muda mwingi haina rezo hapa. Simu isiyopata mnara hailali, inatafuta na kutafuta, na mnara ukiwa mbali inapaza sauti kwa nguvu zaidi. Nikaitoa ile laini ya pili. Simu ilishika chaji mpaka siku ya tatu.

Nilimrudishia kwa furaha. Mama akauliza: "Na laini yangu iko wapi?" Nikamwonyesha. Akasema: "Irudishe. Mtoto wangu wa kiume alibaki ng'ambo. Namba anayoijua ni hiyo tu."

Sikuwa na jibu. Kuna jioni, ukisimama ukingoni mwa Mweru, rezo ya ng'ambo inaingia kidogo, halafu inapotea. Mama alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Zile kwacha 42 hazikuwa upotevu, zilikuwa bei ya kungoja.

Tukapatana hivi. Kwenye menyu ya simu laini ya pili inazimwa bila kuitoa. Mama anaiwasha kila jioni, anatelemka ukingoni, anakaa saa moja, anaizima. Anachaji kabla simu haijafa, na haiachi tena juani pamoja na samaki. Sasa anachaji mara moja kwa siku mbili.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika, neno moja. Mama huyu aliwahi kukosa siku yake katika ofisi moja kwa sababu alipigiwa saa tisa, simu imezima, wakaandika kwamba hapatikani. Alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anaanika samaki. Mkisikia "haipatikani," tumeni mtu, au pigeni tena jioni.

Sasa ni mwezi wa tatu, uvuvi umefunguliwa tena na taa za wavuvi zinaonekana majini usiku. Mama bado anatelemka kila jioni na simu yake. Mtoto hajapiga bado. Batri inashika.