Kuandikwa na Kukamatwa: Kumbukumbu za Askari wa Keya

Historia ya taifa haikai vitabuni peke yake. Hukaa pia katika majina ya mitaa, katika maneno ya kazi, na katika masimulizi ya wazee. Katika makala haya twakusudia kuitazama sehemu moja ya historia hiyo, nayo ni kumbukumbu za wazee wetu juu ya namna walivyoingia katika majeshi ya wakoloni wakati wa Vita Vikuu viwili vya Dunia, vya 1914–1918 na vya 1939–1945. Hatutaeleza sana mapigano yenyewe. Twataka kuitazama siku ile kijana alipotoka kijijini kwao, maana hiyo ndiyo siku ambayo daftari la serikali na kumbukumbu ya mzee aghalabu hayasemi jambo moja.

Tuanze na vita vya kwanza. Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika, wakiongozwa vitani na Paul von Lettow-Vorbeck, walipambana na Waingereza, Wabelgiji na Wareno kwa zaidi ya miaka minne. Reli zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula na risasi vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa nguvu. Huko Kenya sheria ya mwaka 1915 iliihalalisha kazi hiyo, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wa vijana. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na njaa. Kikosi chao, Carrier Corps, wananchi walikiita Kariakoo, na jina hilo limebaki Dar es Salaam hata leo. Nairobi nako kuna Kariokor. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimamishwa juu yake ni askari mwenye bunduki. Mpagazi amebakiwa na jina la soko.

Vita vya pili vilipoanza mwezi Septemba 1939, Waingereza walilipanua jeshi lao la Afrika Mashariki, yaani King's African Rifles, ambalo kwa kufuata herufi zake tatu wananchi waliliita Keya. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini kabla vita havijaisha. Walipigana Somalia na Abisinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na katika misitu ya Burma kuanzia mwaka 1944. Watu wa makabila mengi walikutana humo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, hata kikapata namna yake ya kambini iliyoitwa Kikeya.

Je, watu hao walikwenda kwa hiari yao? Hapa inatupasa kusikiliza kwa makini vitenzi wanavyovitumia wazee. Wako wasemao kwamba walijiandikisha. Wako wasemao kwamba waliandikwa. Na wako wasemao bila kuficha kwamba walikamatwa.

Aliyejiandikisha alikuwa na sababu zake. Kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na mshahara wa shambani ulikuwa mdogo. Jeshini kulikuwa na chakula, nguo, na nafasi ya kujifunza kuendesha gari, kutuma simu za upepo au kusoma na kuandika. Maofisa waliopita vijijini wakitafuta askari waliandamana na bendi, na kijana aliyeona magwanda yale na kusikia matarumbeta yale hakukosa kuvutwa moyo.

Aliyeandikwa ana habari nyingine. Serikali ilimwambia chifu idadi ya vijana waliotakiwa, naye chifu akawaambia majumbe wake. Jumbe alipotafuta watu wa kutimiza idadi hiyo, hakuanza na mwanawe. Alianza na yatima, na maskini asiye na mtetezi, na yule aliyekuwa na ugomvi naye. Kijana huyo alipelekwa bomani, akapimwa na daktari, akatiwa dole gumba katika karatasi. Hakufungwa kamba, lakini pia hakuulizwa.

Aliyekamatwa hahitaji maelezo marefu. Alichukuliwa njiani au usiku nyumbani kwake, na wenzake waliosikia habari hiyo wakakimbilia porini.

Walakini mipaka ya vitenzi hivi vitatu si migumu kama ionekanavyo. Tutoe mfano mmoja. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, serikali iliwachukua makumi ya maelfu ya Watanganyika kwa lazima wakafanye kazi mashambani. Hitaji hilo lilizidi mwaka 1942, Wajapani walipoziteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa mpira na nyuzi za kamba, hata mkonge wa Tanganyika ukawa silaha ya vita. Kijana aliyejua kwamba zamu yake ya mkonge inakaribia, akatangulia kwenda kuomba bunduki, alijiandikisha au alikamatwa? Mbele ya karani alifika kwa miguu yake mwenyewe. Katika daftari jina lake liliandikwa sawasawa na la yule aliyechukuliwa usiku: jina, kabila, namba.

Ndiyo maana mzee mmoja aweza kusema leo kwamba alijitolea, na kesho kwamba alichukuliwa, wala asiwe mwongo. Mbele ya wajukuu hukumbuka ushujaa. Mbele ya wenzake hukumbuka machozi ya mama yake. Kadhalika majira hubadili masimulizi. Wakati wa kudai uhuru lilikuwa jambo la maana kusema kwamba tulilazimishwa. Mbele ya mkoloni aliyegawa medali, ilifaa kusema kwamba tulipenda.

Baadhi ya walioingia kwa njia hizo walirudi na fikira mpya. Kleist Sykes wa Dar es Salaam alikuwa askari wa Wajerumani katika vita vya kwanza. Wanawe, Abdulwahid na Ally, wakawa askari wa Keya katika vita vya pili. Baba na wana walitumikia wakoloni wawili waliokuwa maadui. Baadaye wana hao walishiriki katika siasa zilizoleta TANU mwaka 1954. Huko Kenya, Waruhiu Itote aliyepigana Burma alikuja kuwa jemadari wa Mau Mau. Lakini tusidhani kwamba wote walirudi wanasiasa. Wengi walirudi kwenye majembe yao, wakakuta kodi ile ile ikiwangoja.

Na wako wasiorudi. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 ya mwezi huo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Daftari lina majina yao. Ni kitenzi gani ambacho kila mmoja wao angalikitumia, hakuna awezaye kutuambia, isipokuwa pengine jamaa zao.

Askari wa vita vile sasa karibu wote wametangulia mbele ya haki. Wamebaki watoto na wajukuu, pamoja na medali zilizofungwa katika vitambaa sandukuni. Twawasihi walimu wawatume wanafunzi wao kwa jamaa hao wakaulize: babu alijiandikisha, aliandikwa, au alikamatwa? Nani alimpeleka? Shamba lake lililimwa na nani alipokuwa hayupo? Na jibu liandikwe kwa kitenzi kile kile atakachokitumia msimulizi, wala mwanafunzi asikibadilishe kwa kudhani kwamba kingine kina heshima zaidi.