Njoro: Mto Unajua Wenyeji

Ninaishi Njoro, nje kidogo ya Nakuru, hatua chache kutoka mtoni. Chuo niliacha, mtaa sikuacha. Na bado kila mgeni ataniuliza: "Lakini kwenu ni wapi?"

Hapa swali hilo si la kupiga stori tu. Jina Njoro lina asili ya Kimaasai, na maana yake ni chemchemi. Wamaasai walinywesha ng'ombe hapa hadi mkataba wa 1904 ulipowahamishia Laikipia. Karibu wakati huohuo, Lord Delamere alipewa ekari 100,000 kwa miaka 99. Vibarua wakaja kutoka pande nyingi, wakalima, wakazaa. Uhuru ukaja na hati mpya, ila ubishi ni uleule. Januari 1998, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, majirani walifukuzana na kuuana.

Sasa sikia hii. Mwaka 1938, Mary na Louis Leakey walichimba pango kando ya mto huu. Walikuta mifupa ya watu waliochomwa na kuzikwa humo kama miaka 3,000 iliyopita, pamoja na bakuli za mawe, mawe ya kusagia na shanga kibao. Walijiita nani? Hakuna anayejua. Hakuna kabila leo linaloweza kusema, "Hao ni wetu."

Wao ndio waliotangulia, na hawakuacha hati. Sisi wengine tumepokezana tu. Kwetu ni hapa.