Kabla ya kupuliza rangi mpya, jihadhari na ya zamani

WENYE magari makuukuu wanapotaka kuyarudishia sura, aghalabu huulizia bei ya rangi mpya na kusahau kuuliza jinsi ile ya zamani itakavyotolewa. Hapo ndipo penye hatari.

Rangi nyingi za magari za miongo iliyopita, hasa nyekundu, za manjano na za chungwa, zilichanganywa na madini ya risasi. Ikiwa imetulia juu ya bati, rangi hiyo haina madhara makubwa. Ikigeuzwa kuwa vumbi, huingia mapafuni, hukwama kwenye nguo na kubebwa hadi nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua.

Kwa hivyo, amua kwanza kama kuna haja ya kuitoa rangi yote. Iwapo imeshika vyema, haijapasuka wala kuvimba kwa kutu, inatosha kuikwaruza kwa msasa ili rangi mpya ipate pa kushika. Itolewe hadi kwenye bati pale tu inapobanduka.

Gari lioshwe kwa sabuni, kisha mafuta na nta vifutwe kabisa. Msasa ukipita juu ya mafuta huyaeneza katika mikwaruzo, na rangi mpya haitashika.

Kazi na ifanywe mahali penye hewa tele, mbali na watoto, vyakula na moto. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili. Fundi avae barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, miwani ya kujikinga na glavu.

Msasa wa maji ni salama kuliko mkavu kwa sababu maji hulinasa vumbi. Anza na namba 80 au 120, ufuatishe 180, kisha umalizie na 320. Kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Usitumie maji pamoja na mashine ya umeme.

Wapo wanaopendelea dawa ya kutoa rangi. Soma maandishi ya mkebe kabla ya kununua. Dawa yenye kemikali ya daikloromethani hutoa mvuke ambao mwili huugeuza kuwa gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliofungiwa na jiko la makaa. Marekani ilipiga marufuku kuuzia watumiaji wa kawaida dawa za kutoa rangi zenye kemikali hiyo mnamo 2019. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama katika shimo la kukagulia magari. Barakoa ya vumbi haiuzuii.

Dawa hizo pia huharibu bampa za plastiki na mipira ya madirisha, kwa hivyo sehemu hizo zifunikwe au zing'olewe. Nayo magadi makali ya kufanyia sabuni hula alumini; yasitumiwe kwenye gari. Usichome rangi kwa moto wa gesi, kwani moto huo hutoa moshi wenye sumu na kupinda bati.

Dawa ikishafanya kazi, osha na ukaushe kila kiungo cha bati. Mabaki yakisalia humo, yataivimbisha rangi mpya. Kisha paka rangi ya msingi siku hiyo hiyo, maana bati lililo wazi hushika kutu upesi, hasa Mombasa na kwingineko Pwani kwenye hewa ya chumvi.

Tope la rangi likusanywe na kufungwa katika mfuko, wala lisimwagwe mtaroni. Fundi anawe kabla ya kula, abadilishe nguo kabla ya kurudi nyumbani, na nguo hizo zifuliwe kando na za watoto. Tahadhari kabla ya hatari.