Pensheni ya wanajeshi wastaafu (Tanzania)

Pensheni ya wanajeshi wastaafu ni malipo ya kila mwezi kwa askari waliomaliza utumishi katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa mwaka 1964. Hulipwa na Hazina. Anayeachishwa jeshi kwa maradhi au ulemavu hupimwa kwanza na bodi ya madaktari. Miongoni mwa wastaafu wamo majeruhi wa Vita vya Kagera (1978–1979). Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipanda kutoka shilingi 50,114 hadi takriban 100,125 kwa mwezi. Wastaafu wanaoishi Njombe na Makambako, katika Mkoa wa Njombe ulioanzishwa mwaka 2012, hutakiwa kujitokeza na nyaraka zao Hazina inapofanya uhakiki.