Baiskeli Isiyo na Karia

Jumapili soko la Kibuye hufurika hadi kwenye lami. Pembeni mwa wauza vyuma vikuukuu fundi mmoja alikuwa ameegemeza baiskeli ya mbio ya mitumba, ya fremu nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Mteja akaizunguka, akainama, akaikagua kwa nyuma.

"Sasa hapa abiria anakaa wapi?"

Fundi akacheka. Mteja akaenda zake.

Kisumu hii, baiskeli, au ndiga kwa Kijaluo, haijawahi kuwa ya kumbeba mwenyewe peke yake. Imebeba samaki kutoka Dunga, magunia ya mkaa, jerikani za maji, hata mgonjwa aliyefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva. Kazi ya kubeba abiria ilianzia mpakani Busia, vijana wakivusha watu kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine huku wakiita "boda! boda!", na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeenea magharibi yote ya Kenya. Chombo chenyewe kilikuwa Black Mamba: chuma kizito, gia moja, karia yenye mto wa sponji. Aliyepanda nacho kutoka mjini hadi Mamboleo, nyuma kuna mama na furushi lake, alikuwa na mapafu na mapaja ya kutosha kumshtua kocha wa Ulaya. Hakuna kocha aliyekuja kumtazama. Kisha pikipiki zikaingia, na mapaja yale yakapumzika.

Mtu aliyekuja kutazama alikuwa mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, naye alitua Eldoret, si huku ziwani. Swali lake lilikuwa la kitoto, na maswali ya kitoto ndiyo magumu: Wakenya wanatawala mbio za miguu duniani, mbona hawamo kwenye Tour de France? Akampata Samwel Mwangi, aliyeishi kwa boda boda ya baiskeli, na Zakayo Nderi, mng'arisha viatu. Mwaka 2008 akawapeleka Ufaransa wapande Alpe d'Huez, mlima wa karibu kilomita 14 na kona 21. Nderi alifika kileleni kwa takriban dakika 42. Mwendesha baiskeli mashuhuri Marco Pantani aliupanda kwa dakika 37 na ushei, lakini Pantani alikimbia enzi ambayo mchezo ulilowa dawa za kuongeza nguvu. Kwa mtu wa brashi na kiwi, dakika 42 si mchezo.

Tatizo ni kwamba kupanda mlima peke yako bado si mbio za baiskeli. Mbio za barabara ni kuishi ndani ya kundi. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake anakingwa na upepo na kuokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Anayeogopa kusogea karibu anapigana na upepo kutwa, na jioni miguu haina kitu. Kuna pia kuteremka kwa kasi ya gari, kupita kona bila kugusa breki mapema, kujua nani aachiwe aondoke na nani afukuzwe. Kijana wa Ubelgiji anayajua haya kabla hajaota ndevu. Wetu walianza kuyasoma wakiwa watu wazima, na karo ilikuwa ghali: John Njoroge, mmoja wa timu ya Kenyan Riders iliyotokana na ndoto ya Leong, alifariki mwaka 2014 baada ya ajali mbioni huko Ufilipino.

Aliyefika mbali kupitia njia hiyo ni Suleiman Kangangi wa Eldoret, Sule kwa wenzake. Kutoka Kenyan Riders alijiunga na Bike Aid, timu ya kulipwa ya Ujerumani, na Novemba 2017 akamaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Eyob Metkel wa Eritrea. Ukitaka kujua uzito wa nafasi hiyo, tazama milima ya Rwanda, kisha utazame nchi za waliomtangulia: zote mbili zilikuwa zimejenga mchezo huu kwa miaka.

Mtauliza, na Chris Froome? Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kijijini Mai-a-Ihii, Kikuyu, akaivalia Kenya jezi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006. Mwaka huohuo, kwenye mashindano ya dunia ya Salzburg, aligongana na ofisa wa mbio mara tu baada ya kuanza. Mwaka 2008 alihamia leseni ya Uingereza, na kati ya 2013 na 2017 akashinda Tour de France mara nne. Sisi tulishangilia kama vile bado ni wetu. Kinjah, mwalimu wake, alikuwa amepata nafasi katika timu ya Italia mwaka 2002, akiwa ameshapita miaka 30.

Sule aliendelea. Akawa nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki iliyogeukia mbio za barabara za changarawe, na mwaka 2021 mbio zao wenyewe zikafanyika Maasai Mara. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mbio za Vermont, Marekani. Hakuamka. Alikuwa na miaka 33. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, katika nchi aliyopandia jukwaani.

Wiki mbili baada ya Jumapili ile nilirudi Kibuye. Baiskeli ile ilikuwa ingali pale, ila sasa ilikuwa na karia ya nondo nyuma. Fremu ni chuma, fundi akanieleza, siyo aluminiamu, kwa hiyo imekubali kuchomelewa vizuri. Mteja ameshapatikana, anasambaza mikate Nyalenda, na Jumatatu alfajiri anakuja kuichukua.